Kompyuta ya Mama Mkwe Haiguswi

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umepoa, na yule bosi wako Bwana Rejea bado anakuogopa. Sisi huku wazima, na mimi nimepitiliza uzima. Shangazi, ndoa ni tamu! Kwa nini hukuniambia? Au uliniambia nikawa sisikii, maana siku ile ya harusi sikusikia chochote isipokuwa moyo wangu mwenyewe.

Mume wangu (nikiandika maneno hayo kalamu inacheka) uzima wake ni wa kupitiliza vilevile. Anarudi jioni kutoka kutengeneza majokofu ya watu, mikono baridi kama imetoka ndani ya majokofu hayo, na kitu cha kwanza anachofanya ni kunishika mashavu. Napiga yowe, anacheka, na kesho tunarudia kama vile hatukuwahi kufanya. Anakunywa chai na vijiko viwili vya sukari, cha pili anakoroga kwa madaha. Nimemwita Asali na ameitika.

Mama mkwe naye ananipenda kwa namna yake. Unajua alikuwa mkuu wa madobi hospitalini hadi alipostaafu, kwa hiyo katika nyumba hii kila kitu kimekunjwa. Taulo zimekunjwa, magazeti yamekunjwa, hata mifuko ya plastiki imekunjwa pembetatu. Siku ya kwanza nilikunja shuka. Akalitazama, akatabasamu, akalikunjua, akalikunja upya. Nikamkumbatia. Sijui kama alipenda, alikuwa ameshika shuka.

Sasa ile kazi. Ulininong'oneza ukumbini, katikati ya muziki, kwamba kiwanda chenu cha uchapaji kinatafuta mtu wa kusafisha maandishi kabla hayajapangwa kurasa, na kwamba nikisafisha kitabu kimoja cha majaribio vizuri na kwa wakati, kiti ni changu hata nikiwa huku mbali. Naitaka kazi hiyo, shangazi. Tangu niache duka la vitambaa ili niolewe, mtu akiniuliza nafanya nini namjibu "nimeolewa", naye ananitazama akisubiri nimalizie sentensi.

Kikwazo ni kompyuta. Ipo, iko sebuleni, kubwa, ya mezani, imefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Ndani yake kuna video ya marehemu baba mkwe akitoa nasaha kwenye harusi ya mwanawe mkubwa. Ni fupi, lakini hakuna mahali pengine popote anaposikika akiongea. Kila Jumapili mama mkwe anafunua kitambaa, anaiwasha, anamsikiliza mumewe, anaizima, anakunja kitambaa. Zamani binamu mmoja aliingiza mchezo wa magari, mashine ikagoma kwa muda mrefu, nyumba ikawa kama ina msiba wa pili. Tangu hapo ni marufuku kuingiza kitu. Nilipotaja programu ya kuandikia, mama mkwe alishika kifua.

Neno la siri la kuingizia programu analo shemeji yangu peke yake, huyo huyo mwana mkubwa, anayeuza mashine za fotokopi na ambaye ukoo mzima unamwita Injinia. Nimeambiwa nimsubiri.

Nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao mwenye raha zake,
Chiriku


15 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mgongo haujambo, umenizoea. Bwana Rejea haniogopi, ananiheshimu kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani. Jana ameingia ofisini akasema, "Rejea mazungumzo yetu ya jioni, habari za asubuhi." Nimefanya kazi na mtu huyu hadi nywele zimebadilika rangi na bado sijawahi kumsikia akianza sentensi kama binadamu. Baba yako mzima. Anasema nyumba imekuwa kimya tangu uolewe, na analisema hilo huku uso unang'aa.

Barua yako ni ya kurasa nne. Tatu ni za mume wako. Sasa najua anavyokoroga chai, elimu ambayo sikuwahi kuiomba.

Sehemu inayofuata isome mara mbili, ukiwa hujamtazama huyo Asali.

Programu huja kwenye kompyuta kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusakinishwa. Hiyo inaingia kama mgeni mwenye masanduku: inafungua kabati za ndani, inabandika jina lake kila mlango, inaacha viatu ukumbini. Ndiyo maana kompyuta inadai neno la siri la mwenye nyumba. Namna ya pili haigusi kitu. Programu nzima inakaa ndani ya folda yake, kwenye flashi. Unachomeka flashi, unafungua folda, unabofya alama ya programu mara mbili, unaandika. Chochote inachotaka kukumbuka, ukubwa wa herufi, rangi, inakiandika kwenye folda hiyohiyo. Ukimaliza unaifunga, unatoa flashi kwa utaratibu, na kompyuta inabaki kama ulivyoikuta. Hakuna neno la siri, na hakuna Injinia.

Katika bahasha kuna flashi nyekundu. Ndani nimeweka kihariri cha maandishi cha aina hiyo ya pili. Kimebanwa kwenye faili moja ili kisichukue nafasi, kwa hiyo kwanza kitoe chote kwenye hilo faili, ukiweke kwenye folda yake, ndipo ukibofye. Tena ni kihariri cha maandishi matupu. Usinitumie ile programu yenye herufi nene na mapambo, maana mashine yetu ya kupanga kurasa ikiona pambo inatapika.

Kitabu chenyewe nacho kimo humo. Ni cha ushonaji. Mwandishi ni mwalimu wa cherehani mstaafu, alikichapa kwa taipureta, sisi tukazipiga picha kurasa, na mashine ikazisoma kama mlevi anayesoma kibao cha barabarani. Sindano zimekuwa namba, vifungo vimekuwa mabano. Safisha. Mwisho wa Juni nakitaka mezani. Bwana Rejea ana mtu wake anayemtaka kwenye kiti hicho, mtoto wa rafiki yake, anayechapa kwa kidole kimoja huku kile kingine kimeshika simu.

Nisalimie wote waliokunjwa.

Shangazi


6 Machi

Shangazi kipenzi changu,

Shikamoo na shikamoo tena! Flashi ilifika ofisi ya vifurushi ikiwa nzima. Mume wangu alikwenda kunichukulia, akarudi na bahasha mkono mmoja na ndizi mkono wa pili, kwa sababu alipita sokoni akanifikiria. Alipita sokoni akanifikiria, shangazi! Mimi nilikuwa nyumbani nafikiria kufua.

Kwa heshima nilimsubiri Injinia kwanza. Alikuja Jumamosi moja ya Februari, akala, akafunua kitambaa kwa vidole viwili, akaiwasha mashine na kuitazama kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu.

"Shemeji," akasema, "hii mashine ina mfumo nyeti."

"Naomba tu programu ya kuandikia, shemeji."

"Ya kuandikia ndiyo mbaya zaidi. Inaandika."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huzuni, kama aliyejua siku zote kwamba kuandika kungetuletea haya. Injinia akaahidi kuja na vifaa vyake wiki ijayo. Wiki iliyofuata alikuwa na mteja. Iliyofuata tena, shingo ilikuwa inamuuma. Kila anapoahirisha heshima yake inapanda, mama mkwe anasema, "Mnaona mtu mwenye kazi zake."

Basi Jumatatu, mama mkwe alipokwenda kwa rafiki yake, nikachomeka flashi. Nikabofya lile faili, likafunguka dirisha, ndani nikaiona alama ya kihariri, nikaibofya papo hapo, kikawaka! Wala sikuhitaji kukitoa popote kama ulivyodhani. Ukurasa mweupe, mwanga, mshale unapepesa kama unanikonyeza. Nimeanza na sura ya kola. Kuhifadhi nako ni rahisi, nabofya Hifadhi, yenyewe inajua pa kuweka.

Mama mkwe hatujamwambia. Nafanya kazi akiwa hayupo au akiwa jikoni, na mume wangu akiwepo anasimama mlangoni. Mama akielekea sebuleni, yeye anaanza kuimba. Hana sauti kabisa, masikini, majirani wamefunga madirisha, lakini anaimba kwa ajili yangu. Kazi ngumu kuliko zote ni kitambaa. Nimeisoma mikunjo yake yote kabla ya kukigusa, na nakirudisha hivyohivyo, pembe kwa pembe.

Mbona mapenzi ya namna hii hayafundishwi shuleni?

Wako,
Chiriku


14 Machi

Chiriku,

Marahaba. Wote wazima. Baba yako anauliza kama mume wako anaweza kuja kulitazama jokofu letu, linanguruma.

Nashukuru kusikia umeanza. Anza na sura ya kola. Kumsubiri Injinia hakuna haja. Nitumie sura za mwanzo katikati ya Aprili, Bwana Rejea ameanza kuuliza, na anauliza kwa maandishi.

Usinihukumu kwa mwandiko huu. Nimebadilisha kalamu.

Shangazi


22 Aprili

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi huku raha tupu. Mvua imenyesha, mume wangu amenivua viatu vyenye matope mlangoni, mbele ya watu, akavipiga brashi mwenyewe. Mama mkwe alitazama pembeni kwa adabu.

Nimemfumia sweta. Mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzake, lakini amelivaa kazini, na mteja alipomuuliza akasema ndivyo linavyotakiwa, ni mtindo wa fundi anayeingiza mkono mmoja ndani ya jokofu. Nililia kwa furaha. Kwa jokofu la baba, anasema litakuwa limelegea skrubu za nyuma, mlisogeze kidogo lisiguse ukuta.

Tumepaka rangi chumba chetu. Ni rangi ile ile iliyokuwepo, maana mama mkwe anaona inafaa, lakini ni mpya. Mapazia pia yamerudi yale yale baada ya kufuliwa. Nilileta ya kwangu, ya maua, yapo kwenye sanduku, yamekunjwa vizuri sana.

Jirani wa ghorofa ya juu amenunua kasuku. Anapiga miluzi. Hali ya hewa ni nzuri. Herufi zako zimekuwa kubwa kama za kibao cha duka, nimezipenda.

Nakukumbatia,
Chiriku


30 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Umeharibu nini?

Umeniandikia sweta, matope, skrubu, mapazia na kasuku wa jirani. Kasuku! Hujaandika neno moja kuhusu kitabu. Nimekulea likizo zote, najua ukivunja sahani unavyoanza kusifia hali ya hewa.

Katikati ya Aprili imepita. Bwana Rejea amenipa barua inayorejea barua inayorejea barua. Yule wa kidole kimoja ameshaletwa kuonyeshwa ofisi, na amekikalia kiti ili aone kama kinazunguka. Kinazunguka.

Sema.

Shangazi


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Mume wangu anakusalimu na amesema nikwambie ukweli bila kuuzungusha, nami nampenda hata anaponiambia hivyo.

Kitabu kimepotea. Sura ya kola, ya mifuko, ya mikono, ya marinda, kazi yote tangu ile Jumatatu ya kwanza. Nilikuwa nahifadhi kila siku. Kila nikifungua kihariri kilikuwa kinaniletea nilipoishia. Halafu umeme ukakatika na kurudi, kompyuta ikajisafisha yenyewe ilipowaka, na nilipobofya, ukurasa mweupe. Nimetafuta kwenye flashi, maandishi ninayoyakuta ni yale ya mlevi uliyonitumia, hayajaguswa.

Sikukwambia kwa sababu niliona aibu, halafu nikaona aibu ya kuona aibu. Nilianza kuandika upya kwa siri, hata mume wangu sikumwambia. Alijua nilipoacha kuimba bafuni.

Lakini shangazi, niruhusu niulize kitu, na usinikasirikie. Nilikuandikia mwezi wa tatu kwamba nilibofya papo hapo ndani ya lile faili bila kukitoa, na kwamba kuhifadhi kunajua pa kuweka kwenyewe. Mtu mkali kama wewe angenirukia siku hiyohiyo. Wewe ukanijibu nianze na sura ya kola, wakati nilishakwambia nimeanza na sura ya kola. Sikulaumu. Nashangaa tu.

Chiriku asiye na sauti


16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Jokofu limenyamaza, mpe mume wako mkono.

Ulifungua sanduku ukaishi ndani ya sanduku, ndicho ulichofanya. Programu iliyobanwa ukiibofya bila kuitoa, kompyuta inakufanyia hisani: inaitoa nakala kwa siri, inaiweka kwenye folda yake ya vitu vya kupita, na kihariri kinaendeshwa kutoka huko. Kila ulipobofya Hifadhi, kazi yako ilikuwa inalala humo, pamoja na takataka. Kompyuta iliposafisha, ilikufagia.

Fanya hivi. Bofya faili lililobanwa kwa kitufe cha kulia, chagua kulitoa lote, liweke kwenye folda mpya ndani ya flashi, ipe folda hiyo jina unalolikumbuka. Ukitaka kufungua kihariri, kifungue kutoka kwenye folda hiyo tu. Ukihifadhi mara ya kwanza, angalia kwa macho yako imeandikwa wapi. Kama si kwenye flashi, kataa. Na kila jioni fanya nakala kwenye flashi ya pili, naituma, ni ya bluu.

Sentensi yako ya Machi ilinipita. Sikuiona. Tuishie hapo.

Na hili nalisema mara moja kwa sababu nakupenda na sina subira. Mimi nilikufundisha kuiendesha programu bila kuigusa nyumba ya mtu. Sikukwambia na wewe uishi hivyo. Rangi ni ile ile, mapazia ni yale yale, kazi unaifanya mtu akienda jikoni, na mwanamume mzima anaimba mlangoni kama king'ora. Siku ukichomolewa humo, hiyo nyumba itajua kama ulipita? Mpende mume wako hata mara mia kwa siku, sikatazi, nimeshanunua miwani ya kusomea hayo mapenzi yenu. Lakini toa mapazia yako kwenye sanduku.

Kitabu ni mwisho wa Juni, hakuna siku ya nyongeza. Bwana Rejea ameandika, na akiandika amemaliza.

Shangazi


12 Juni

Shangazi yangu, mwalimu wangu, mkali wangu,

Shikamoo kwa magoti yote mawili! Sisi wazima, na nina habari tele.

Kwanza, barua yako nilimsomea mume wangu. Akapanda kwenye kiti akayatoa mapazia ya zamani, akatundika ya maua, na akateremka kwa madaha kama aliyebandua bendera ya adui. Mama mkwe alipopita mlangoni alisema "Mh." Yeye akajibu, "Ni ya mke wangu, mama." Mke wangu!

Kazi nikaifanya kama ulivyoniagiza, folda, flashi, nakala ya jioni. Nilikuwa nimefika sura ya vifungo, karibu na mwisho, ndipo Jumapili mama mkwe alipokwenda kumsikiliza mumewe, akasimama mbele ya kompyuta, akasema:

"Huu mkunjo si wangu."

Shangazi, pembe zilikuwa sawasawa! Lakini yeye hakunji kuelekea dirishani, anakunja kuelekea mlangoni. Alikaa hospitali ile miaka yote anajua shuka limekunjwa na nani, nani mvivu, nani amegombana na mumewe. Mimi nikajidhani mjanja.

Kikao kikaitishwa. Injinia akaja amevaa koti. Mimi nikakaa kwenye kigoda, flashi nyekundu mfukoni, sura ya vifungo ndani yake, mwisho wa mwezi unanisogelea. Nikasema mwenyewe, kabla sijaulizwa, kwamba ndiyo, naitumia kompyuta, na kwamba sijaingiza kitu. Injinia akaiwasha, akapekua huku na huku, akageuka kwa fahari.

"Mama, hakuna kilichoingia humu. Nilivyoifunga mimi, haiingii hata mbu."

"Basi weka neno la siri hata la kuiwashia," mama mkwe akasema, "asiiwashe tena mtu bila ruhusa."

Nilijua hapo ndipo kazi yangu inakufa. Injinia akanyoosha vidole, mashine ikadai kwanza lile neno lake la kuingizia programu. Akabonyeza. Ikakataa. Akabonyeza tena. Akavua koti.

"Leo mtandao uko chini," akasema.

"Neno la siri halihitaji mtandao, kaka," mume wangu akasema, kwa upole, kama anavyomwambia mteja kwamba jokofu halikuchomekwa kwenye umeme. "Unalo au huna?"

"Ninalo."

"Liandike."

"Ninalo, ila si hapa."

"Liko wapi?"

Injinia akatazama dari. Kumbe alilisahau tangu mwaka ule wa mchezo wa magari, na siku zote alikuwa anaomba mtu asije akalihitaji. Zile shingo zilizomuuma, wale wateja, vile vifaa! Nilitaka kucheka, lakini nilipomwona mama mkwe nilikosa cheko. Alikaa chini polepole.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nimemlinda baba yenu kwa neno ambalo hakuna anayelijua?"

Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa mchoyo wa kompyuta. Alikuwa anaogopa kufiwa mara ya pili. Nikamwambia, "Mama, nipe ruhusa nimtoe nakala." Akashika kifua. Mume wangu akasema, "Mama, mwache. Mimi niko hapa." Nikachomeka flashi ya bluu. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka, kazi imekwisha. Nikamfungulia video kutoka kwenye flashi, baba mkwe akaanza nasaha zake, "Wanangu, maneno yangu si mengi," ambayo nimeambiwa hayakuwa kweli hata siku moja.

Mama mkwe akaishika flashi kiganjani.

"Yumo humu?"

"Yumo, mama. Na kule bado yupo."

"Kote kuwili?"

"Ukitaka nitamweka hata kwa jirani mwenye kasuku."

Alicheka, shangazi! Kicheko chembamba, hakikutumika siku nyingi. Kisha akaikunja flashi ndani ya leso, mara tatu, akaitia kifuani. Akaniambia, "Kaa, fanya kazi yako. Kitambaa nitakunja mimi." Injinia alikula chakula bila kutoa maelezo yoyote, na alipoaga nilimwambia kwamba mfumo wake kweli ni nyeti. Alinitazama kwa muda, hakujua kama nimemsifu.

Kitabu kimo kwenye bahasha hii, chote, kuanzia kola hadi pindo. Flashi ya bluu nitakurudishia nikipata ujasiri wa kuidai kutoka kifua cha mama mkwe.

Na sasa mimi nakuuliza kama ulivyoniuliza. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari inayopandiana, na neno "takataka" limeandikwa juu ya neno lingine. Kalamu gani hiyo? Umeharibu nini? Sema.

Chiriku wako


3 Julai

Kwa Chiriku,

Rejea barua yako ya tarehe 12 Juni, pamoja na kitabu cha ushonaji kilichoambatanishwa.

Anayeandika ni bosi wa shangazi yako. Yeye ameketi hapa kwenye kiti cha wageni, jicho la kushoto limefungwa bandeji, anaamuru la kuandikwa. Baadhi ya aliyoamuru kunihusu mimi sikuyaandika, na ameniambia anasikia kalamu ikisimama.

Anasema: marahaba. Anasema wote wazima isipokuwa yeye, na yeye ni jicho tu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limefanyiwa upasuaji juma lililopita na daktari ameridhika. La kulia litafuata. Anasema hakukwambia kwa sababu ulikuwa na raha zako na hakutaka kuzimwagia maji. Anasema barua zako za Machi na Aprili alizisoma kwa kukisia, na ndiyo sababu sentensi yako ilimpita, na kwamba neno hilo hatalirudia kwa hiyo ulishike.

Anasema pia kwamba kiti alichokunong'onezea ukumbini ni chake mwenyewe. Alikuwa anatafuta wa kumrithi kabla mimi sijagundua kwamba hasomi. Napenda iingie kwenye kumbukumbu kwamba niligundua mwaka jana, alipoidhinisha tangazo la mnada likiwa limeshikwa juu chini. Nilinyamaza. Nilikuwa nazisoma kazi zake upya mimi mwenyewe baada ya kila mtu kuondoka. Hadi dakika hii ninapoandika huku nikisoma kwa sauti, alikuwa halijui jambo hilo. Sasa ananitazama kwa jicho moja na hasemi kitu, hali ambayo sijawahi kukutana nayo katika utumishi wangu wote.

Kuhusu kitabu. Nimekisoma mwanzo hadi mwisho. Ni kisafi. Mashine ya kurasa imekipokea bila kutapika. Mtoto wa rafiki yangu nimemshukuru na kumruhusu aendelee na simu yake. Kazi ni yako kuanzia Jumatatu. Shangazi yako atabaki kama msimamizi wa kukukaripia, ambayo anasema ndiyo kazi pekee isiyohitaji macho.

Mwisho, jambo la kitabibu. Tangu upasuaji, shangazi yako hunitaka nimsomee barua zako zote upya kwa sauti, kuanzia ile ya Februari. Jana tulikuwa kwenye sweta. Nilipofika kwenye mkono mrefu unaoingia ndani ya jokofu alicheka hadi bandeji ikasogea, na tukalazimika kurudi hospitali. Daktari amemkataza kucheka hadi jicho lipone.

Kwa hiyo, kama mwajiri wako, agizo langu la kwanza kwako ni hili: kwa wiki mbili zijazo usimtaje mume wako kwa maandishi.

Bosi wa shangazi yako